Sijui Aliyesema Ni Kidoti au Msichana wa Katuni

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya duka la rangi na misumari,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, dada yako. U hali gani huko? Mgongo umepoa, au bado unawainua wagonjwa kama magunia? Na baridi inakutendeaje? Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana nakujua, wewe hata chai unakunywa umesimama.

Sisi huku hatujambo. Mama anaendelea vizuri. Miguu inamsumbua ila mdomo uko imara, na jana amegombana na redio. Shemeji yako mzima, bado anachomelea mageti ya watu huku letu linafungwa kwa kamba. Mimi mwenyewe mzima wa mwili. Kichwa ndicho sijui kiko wapi.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua wakati simu ipo. Simu yetu ina masikio mengi hapa nyumbani, na wewe ukinisikia nasitasita utaanza kulia kabla sijafika popote. Kwenye karatasi nitajikanyaga nipendavyo, nawe utanisubiri.

Habari ni ya mwanao. Kidoti amekua, mdogo wangu. Ulimwacha akiwa wa kubebwa mgongoni, sasa akisimama karibu yangu mimi ndiye ninayeonekana mtoto. Kile kidoti chini ya jicho kilichompa jina kipo palepale. Anakula vizuri, anasoma vizuri, na akinisaidia kushona vifungo vya sare mkono wake ni mwepesi kuliko wangu. Hayo unayajua kwa picha. Ninayotaka kukuambia hayapigiki picha.

Uliposema makaratasi yake ya kuja kwako yamekaribia, na kwamba siku ya usaili ataulizwa maswali kwa Kiingereza, ulitoa amri: kuanzia siku ile mkiongea kwenye simu ni Kiingereza kitupu. Nilikuunga mkono. Shida ni kwamba Kiingereza cha shuleni kilimfanya mtoto azungumze kama tangazo la ofisini. Ndipo akaniambia, wala hakuomba ruhusa, kwamba amepata mahali pa kujifunza Kiingereza wanachoongea watu, na kwamba mahali penyewe ni ukuta wa pili.

Ukuta wa pili yupo Fundi Redio. Humjui, alihamia ulipokwisha kuondoka. Ni mtu mzima, ana upara na wajukuu, anatengeneza redio na pasi na chochote chenye waya, na ana wazimu mmoja tu: katuni za Kijapani. Ila usimwambie katuni. Anasema ile ni anime, na anayeita katuni anakalia kiti kibovu. Kila Jumamosi alasiri akifunga kazi anawasha televisheni aliyoiunga kwa mabaki ya televisheni nyingine, watu wanaangalia kipande kimoja, halafu wanakijadili kwa Kiingereza. Wanachama walikuwa yeye, Msusi wa kibanda cha mbele, na Kidoti. Mimi nilikwenda kumchunga mtoto. Sasa na mimi ni mwanachama.

Mdogo wangu, naomba uelewe jinsi nilivyochanganyikiwa tangu siku ya kwanza. Watu wa kwenye kioo wanaongea Kijapani. Chini yao panapita maandishi ya Kiingereza, tena yanapita mbio kama yanakimbizwa. Mimi nafikiri kwa Kiswahili. Basi neno linaniingia sikioni kwa lugha moja, machoni kwa lugha nyingine, na likifika kichwani limechoka. Mtu anacheka, maandishi yanasema anaomboleza. Mtu alikufa wiki iliyopita, leo yuko hai anakula, na nikiuliza naambiwa ati anakumbukwa tu. Hata nani mwanamume na nani mwanamke nilikuwa nakisia kwa viatu.

Na misemo yao ndiyo usiseme. Jambo likiwa rahisi wanaliita kipande cha keki. Mtu akiumwa kidogo yuko chini ya hali ya hewa, kana kwamba sisi wengine tuko juu yake. Aliyetoboa siri amemwaga maharage. Na ukimtakia mtu mafanikio unamwambia avunje mguu! Hilo la mguu nilimjaribia mwalimu mkuu alipokuja kuchukua suti yake ya sherehe ya kuagwa, kwa Kiingereza nilichokifanyia mazoezi asubuhi nzima. Alinitazama mpaka nikarudi nyuma ya cherehani.

Kuna neno wanaliita fila, yaani kipande kisichokuwa na kazi kwenye hadithi, cha kujaza muda. Limeshaingia nyumbani. Shemeji yako akianza kusimulia geti alilochomelea, Kidoti ananikonyeza, "Fila." Na spoila ni mtu anayekuambia mwisho kabla hujaufikia. Mama yetu ni spoila tangu alipoanza kuongea.

Sikatai, nimejifunza. Wiki moja Msusi alinipa bega baridi, ndivyo wanavyosema kwa mtu aliyekununia, na kwa mara ya kwanza maishani nikajua kwa Kiingereza kwamba nimenuniwa. Nilijisikia msomi.

Sasa sikiliza utaratibu wa kile kikao, maana ndio ulionifikisha hapa. Fundi Redio ana sheria mbili. Ya kwanza, mjadala ukianza Kiswahili kinabaki nje, na kikimponyoka mtu anafagia. Nimefagia mno. Ya pili, ni marufuku kusema yule alifanya hivi, yule anataka vile. Kila mmoja anapewa mhusika wake na anamsemea kama ndiye yeye mwenyewe: mimi nimefanya, mimi nataka. Anasema mtu huipata lugha akiwa na kitu cha kutetea, vinginevyo atabaki kusoma maandishi.

Hadithi tunayoangalia ni ya msichana mwenye nywele za zambarau anayekaa mnarani na mwanamke anayewasha taa za mji. Mama yake msichana ni nahodha wa merikebu inayopaa. Aliondoka zamani kwenda kulitafuta jua lililoibiwa, na kila msimu anatuma ndege wa karatasi mwenye ujumbe. Fundi Redio anamsemea mwizi wa jua na anamtetea kwelikweli. Msusi anamsemea nahodha, kwa makelele. Kidoti alimchagua msichana kabla mwingine hajafungua mdomo. Mimi nikaambiwa nimebakiwa na mwasha taa.

Usinicheke. Niliona, mimi si kipofu. Lakini niliona kama mchezo, na kwenye mchezo mtu hakatai zamu yake.

Jumamosi ya wiki ile nyingine kikaja kipande ambacho ndege wa dhahabu anatua dirishani. Safari hii hakuleta ujumbe. Amekuja kumchukua msichana ampeleke kwa mama yake, na mgongoni mwake pana nafasi ya mtu mmoja. Kipande kikaishia hapo, msichana kashika dirisha, muziki unalia. Fundi Redio akazima televisheni, akasema mjadala uanze.

Msusi, yaani nahodha, akaanza: mwanangu njoo, nimekuandalia chumba, nimelipata jua, nini tena unangoja? Ndipo Kidoti akasimama. Alisema kwa Kiingereza, taratibu, hakuna neno lililomkwama, nami nakuandikia kwa Kiswahili nilivyoelewa. Alisema, "Mimi sikujui. Najua sauti yako, najua ndege wako. Ninayemjua ni huyu wa taa." Halafu akanigeukia mimi. "Ukiniambia nikae, nitakaa. Niambie."

Mdogo wangu, watu wote wakanitazama. Mwasha taa wa kwenye hadithi angemwambia nenda, ndivyo alivyo yule mwanamke, ana moyo mkubwa usio na kifani na hachoki. Nilijua hivyo na jibu nilikuwa nalo. Lakini likatoka jingine. Nilimwambia akae. Kwa Kiingereza ni neno moja fupi, wala sikulitafuta.

Fundi Redio alipiga makofi, akasema tangu nijiunge hajanisikia nikitamka vizuri hivyo. Msusi akajifuta macho kwa taulo ya wateja. Kidoti akaketi, akainama, na mjadala ukahamia kwa mwizi wa jua kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi nilibaki na mikono mapajani. Sijui niliyesema vile nilikuwa mwasha taa au nilikuwa mimi. Na aliyeniuliza, sijui alikuwa msichana wa nywele za zambarau au mwanao.

Ningeliacha lipite, lakini halikupita. Jumatatu nilimkuta Kidoti amelipandisha juu ya kabati lile sanduku la safari ulilomtumia, na ndani yake amejaza mabaki yangu ya vitambaa. Siku ya pili yake akaniuliza mwakani tutakipaka chumba chake rangi gani. Mwakani! Mtu anayesubiri kuitwa usaili anauliza rangi ya ukuta wa mwakani.

Nikafurahi. Nakuandikia hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilishona mchana kutwa nikiimba. Tulipokaa kula nikakukumbuka wewe, unavyopiga zamu juu ya zamu upate nyumba yenye chumba cha huyu mtoto, nikaisukuma sahani pembeni. Niliona haya kwenye meza yangu mwenyewe.

Nilimweleza shemeji yako. Alisikiliza yote, ndege, mnara, jua, kisha akaniuliza huyo mwanamke wa taa ameajiriwa na nani. Msaada wake uliishia hapo.

Nikamwendea Fundi Redio, nikamwuliza kama mtu akisema neno akiwa amevaa mhusika, neno hilo linahesabika? Akasema ndiyo. Akafikiri, akasema hapana. Halafu akaniomba nisimwulize mambo kama hayo akiwa ameshika chuma cha moto. Nikarudi nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda.

Basi juzi Ijumaa nikaamua kumwuliza mwenyewe, kwa Kiswahili, mchana kweupe, tukiwa wawili tunashona vifungo.

Nikamwambia, "Kidoti mwanangu, ile Jumamosi mimi nilikuwa namsemea mwasha taa."

"Najua, mama mkubwa."

"Na wewe je?"

Akavuta uzi, akaukata kwa meno, tabia ambayo nimemkataza mpaka nimechoka. Akaniuliza, "Nikikwambia, utamwambia mama?" Nikamjibu kwamba sijui. Nilitaka kuahidi, lakini ingekuwa uongo. Akasema hata hivyo, na hakunikataza.

"Simkumbuki," akasema. "Hata kidogo, mama mkubwa. Kwa picha namjua, kwa sauti namjua. Lakini akiniuliza kama nakumbuka alivyokuwa akiniogesha kwenye beseni la bluu, nasema nakumbuka. Sikumbuki beseni. Sikumbuki mikono. Natafuta humu kichwani, sioni kitu."

Nilihisi kama nimekaa vibaya ghafla. Maana kila unapopiga simu unaanza na hilohilo, unakumbuka hiki, unakumbuka kile, na kila mara namsikia akikujibu kwa kile Kiingereza chenu kwamba anakumbuka, ndiyo, anakumbuka sana. Nami nikiwa pembeni na sindano yangu nilikuwa nafurahi. Na miaka yote hii amekuwa akiniuliza mambo yako. Mama alinibeba upande gani? Aliniimbia nini? Akicheka alikuwa anafunika mdomo? Nilidhani ni hamu ya kukuona. Nikawa namweleza, naongeza na chumvi kidogo, nikijiona mlezi bora. Kumbe mtoto alikuwa anakukariri. Alikuwa anakubukua wewe, mdogo wangu, kama wenzake wanavyobukua historia, ili ukimwuliza asifeli.

Nikamwuliza, basi ndiyo sababu hutaki kwenda? Akashangaa. Akasema hajawahi kusema hataki.

"Nataka," akasema. "Lakini kwenye simu ni dakika chache, naweza. Huko nitakaa naye kila siku. Kila siku siwezi, atanigundua." Akashona kifungo kizima. Halafu, bila kuniangalia, "Akigundua, atanirudisha?"

Jibu ni hapana. Najua, na wewe unajua, hata Fundi Redio anajua. Lakini nitakuambia ukweli wote kwa sababu wewe ni damu yangu. Kwa muda mfupi nilitamani kumwambia ndiyo. Ndiyo, atakurudisha, kwa hiyo usiende, kaa. Lilifika mpaka kwenye meno. Nikafunga mdomo, nikainama kuokota vifungo, na hakukuwa na kifungo kilichoanguka.

Jana hatukwenda kwenye kikao. Yeye alisema tumbo linamuuma, mimi nikasema nina sare za kumaliza. Msusi alikuja kugonga, tukanyamaza kimya kama wezi, kila mtu chumbani kwake.

Kwa hiyo mpaka naandika hapa sielewi vizuri. Yaliyosemwa kwa Kiingereza usiniamini, Kiingereza changu ni cha maandishi yanayokimbia, na pengine nilisikia niliyotaka kusikia. Ila ya Ijumaa yalisemwa kwa lugha iliyonizaa, niko macho, nimekaa karibu naye kiasi cha kugusana magoti. Hayo yachukue kama yalivyo.

Ninalokuomba ni hili. Mpigie. Weka Kiingereza kando, usaili atauweza, sasa anakijua kuliko walimu wake. Ongea naye Kiswahili, na tafadhali usimwulize tena kama anakumbuka. Alikuwa mtoto wa mgongoni. Kukumbuka ni kazi yako wewe uliyekuwa mtu mzima. Msimulie lile beseni kama mtu anayemsimulia mgeni, wala usingoje aitikie. Na akinyamaza, usiogope kunyamaza kwake, mimi nimeishi nako na hakuna ubaya wowote.

Lile swali la kurudishwa mjibu wewe. Mimi sitalijibu. Sijiamini.

Nikuambie na mapema: akija kwako nitalia, usishangae ukisikia. Akibaki utalia wewe. Nimegeuza hili jambo kila upande kama koti, sioni upande ambao hakuna anayelia. Lakini nisingependa alie yeye, tena peke yake, akidhani ni mtihani.

Mama anakusalimu, anasema umekonda kwenye picha ya mwisho na hataki ubishi. Shemeji yako anakusalimu. Msusi naye anakusalimu ingawa hamjaonana, kwa sababu kila Jumamosi anamsemea nahodha na sasa anajiona ni ndugu yako. Nisalimie yule mwenzako mnayekaa naye, mwambie ahsante kwa kukuchemshia maji ya mgongo.

Mungu akulinde kwenye zamu zako, akupe nguvu za kuinua watu na wepesi wa kupata maneno. Salamu za Kidoti sina. Hajui kwamba nimekaa kuandika, na mimi sitaki tena kumsemea. Zichukue mwenyewe kwake.

Wako akupendaye,
dada yako.